Siku Mume Wangu Alipokataa Kuwa Baba wa Ubatizo

Mume wangu alisimama katikati ya mafundisho ya ubatizo, akasema "Siwezi," akatoka nje, akawasha gari na kuniacha Houston. Nyumbani kwetu ni Mansfield, mwendo wa saa nne na ushee.

Nikabaki pale na mkoba mapajani, kanisa zima linanitazama.

Nilikasirika mpaka nikaona giza. Na bado nilikuwa sijajua kitu.

Naitwa Kanana, Mmeru, nesi. Rubén ni Mmarekani wa asili ya Meksiko, fundi wa mapaa. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 1996. Mama yake, Doña Chelo, alikuja harusini na nguo nyeusi tititi, kama amekuja matangani! Tangu siku hiyo, nikienda kwake Houston, karibu yangu ilikuwa sinki la vyombo.

Kwa hiyo mwaka 2002 aliponipigia simu yeye mwenyewe, nusura nianguke.

"Mija," akaniita, yaani binti yangu. "Mtoto wa Beto anabatizwa. Wewe na Rubén ndio wasimamizi."

Beto ni mdogo wake Rubén. Anafanya kazi kwenye mitambo ya mafuta huko baharini, akienda haonekani kwa wiki kadhaa. Mkewe ni Maribel. Mtoto aliitwa Mateo, bado wa kunyonya.

Kwa watu wale, mama wa ubatizo si mtu wa kuja kukata keki na kwenda zake. Yeye na mama mzazi wanaitana comadre, na huo ni undugu kabisa. Comadre hamgombezi mwenzake. Hamsengenyi. Siri yake haitoki mpaka kaburini.

Nililia kwa furaha. Hatimaye wamenikubali!

Rubén akagoma.

"Watafute wengine," akasema.

"Kwa nini?"

"Sitaki tu."

"Ni kwa sababu mimi ni mweusi? Unaona haya kusimama na mimi mbele ya watu wenu?"

Akainamisha kichwa. Nilimwandama kila siku, jikoni, kwenye gari, mpaka akakubali shingo upande.

Ndipo tukaenda kwenye parokia yao huko Houston, mitaa ya Gulfton. Doña Chelo alikuja, na Maribel na mtoto; Beto alikuwa kazini baharini. Shemasi akasoma masharti: msimamizi awe na kipaimara, aishi maisha ya imani, na asiwe baba wala mama mzazi wa mtoto. Kisha akapita akimuuliza kila mmoja, "Una kizuizi chochote?"

Alipofika kwa Rubén ndipo nikasikia lile "Siwezi."

Nikainuka nimfuate. Doña Chelo akanidaka mkono.

"Kaa chini, mija. Kumbuka wewe na Maribel sasa ni comadre. Comadre hawagombani."

Nikamtazama usoni. "Nani amesema tunagombana?"

Maribel akamkumbatia mtoto, akaanza kulia.

Jamani, damu ilinipanda kichwani! Baada ya mafuriko yaliyoikumba Houston mwaka 2001, Rubén alikaa huko muda mrefu akiezeka nyumba za watu. Alikuwa akilala wapi? Kwa Beto. Beto alikuwa wapi? Baharini.

"Mateo ni wa nani?" nikauliza, na shemasi akafunga kitabu chake.

Doña Chelo akaninong'oneza, "Mfikirie Beto. Akijua atakufa."

Hakusema hapana. Hakuniuliza nimepata wapi wazimu huo. Bibi huyu alikuwa anajua!

Nilimpigia rafiki yangu Truphosa, Mkenya mwenzangu anayeishi Houston. Alikuja kunichukua akiwa bado na nguo za kazi za hospitali. Nikamsimulia yote kwenye gari.

"Wee Kanana, si hawa watu hata Christmas walikuwa wanaku-ignore?" akasema. "Halafu from nowhere wanakupatia mtoto? Mchawi mpe mwana alee, my dear. Walitaka uwe comadre ndio siku ukijua usiongee. Wamekucheza!"

Nilitamani kupiga kelele. Heshima niliyoililia ilikuwa ya kunifunga mdomo.

Rubén akapiga simu. "Sikuweza kumdanganya Mungu," akasema.

"Na mimi je? Mimi uliweza?"

Nikakata simu.

Beto aliporudi kutoka baharini, nilikwenda kwake moja kwa moja. Nilimhurumia. Nilijiambia angalau mimi na yeye tuko upande mmoja, tumeumizwa pamoja. Nikamwambia kila kitu, pale mlangoni.

Hakushtuka hata kidogo.

"Najua," akasema. "Daktari aliniambia zamani kwamba sitapata mtoto. Maribel hajui kama nimeambiwa."

"Na ukanyamaza?"

"Mama alikuchagua wewe ili usiseme. Mimi nilimchagua Rubén ili aseme. Nilijua masharti yatasomwa. Namjua kaka yangu, anaogopa altare."

"Na mimi? Ulijua nitakuwa nimekaa pale pembeni yake, mbele ya watu?"

Akatazama chini. "Samahani, Kanana. Sikukufikiria."

Hakunifikiria! Mume wangu alinidanganya, mama yake akanitega, na huyu niliyekwenda mpaka kwake kumfariji alinitumia bila hata kukumbuka kwamba nipo. Samahani yake nilimwachia pale pale mlangoni.

Mateo alibatizwa baadaye na wasimamizi wengine. Mtoto hana kosa, namwombea heri. Mimi na Rubén tuliachana, na Doña Chelo akatangaza Houston nzima kwamba nimevunja familia yake.

Ndugu msomaji, watu waliokudharau miaka nenda miaka rudi wakikuletea heshima ghafla, usikimbilie kushukuru. Waulize kwanza wanataka unyamazie nini. Ukishajua, sema, tena sema kwa sauti, kwa sababu hao hao ndio watakaokuambia kuwa kelele zako ndizo zilizobomoa nyumba.