Sindano ya Gesi na Bendera ya Asubuhi

Siku niliyopona mgongo, nilitoka kwa daktari nimeinama kuliko nilivyoingia.

Msicheke kwanza. Ngojeni.

Ilikuwa Kisangani, enzi za Zaire. Chama kimoja, wote tunacheza. Mimi Agathe nilikuwa mpiga taipu wa ofisi, lakini kila alfajiri papa Wenceslas, mkuu wa kikundi chetu cha animation, yaani ngoma za chama, alitupanga mistari turuke na kukisifu chama. Miaka nenda rudi, naruka tu.

Mpaka kile kipande laini kati ya mifupa ya uti wa mgongo kikachakaa. Hata kuvaa viatu nikawa nalia.

Dokta Sylvain alikuwa na mashine ya kutengeneza ozoni kutoka kwenye oksijeni.

"Mama Agathe, nitapitisha hii gaz na sindano, karibu ya disque, kile kipande chako kimechakaa. Batu bamoja inabasaidia, bengine hapana."

Mimi ilinisaidia! Baada ya wiki kadhaa nikaamka sina maumivu.

"Bon, umepona," akasema. "Ile karatasi, papier ya kukukataza kucheza, sitaandika tena."

Nirudi kuruka, niharibike upya? Thubutu! Ndiyo maana nikatoka pale nimejikunja.

Kesho yake, uani pa ofisi, papa Wenceslas akanitazama kwa jicho la wizi.

"Agathe, mugongo iko namna gani?"

"Bado, papa. Inaniuma sana."

Firimbi ikalia. Bendera inapanda.

Nyakati zile, bendera ikipanda unasimama wima, kimya, hata kujikuna hujikuni. Na mwili una mazoea yake.

Nikanyooka wima kabisa!

Papa Wenceslas akanitolea macho. Angesema nini, na bendera bado iko njiani?

Hasira ikanipanda. Mgongo huu ni wangu, jamani!

Nikageuka, nikaondoka. Polepole, nimenyooka. Askari wa getini, mkono kwenye paji la uso, alinisindikiza kwa macho tu. Kunikamata ni kusogea, na kusogea ni kifungo.

Firimbi ya kumaliza ilipolia, nilikuwa juu ya lori la kwenda Bengamisa, nje ya mji. Kazi niliiacha palepale, nikalima muhogo. Sikujuta hata kidogo.

Leo nacheza harusini, nikipenda. Nikichoka naketi.

Wewe unayesoma, sikia langu: ukipona, usimwombe aliyekuumiza ruhusa ya kunyooka.