Mtoto Anayegonga Kuta za Mogogosiek

Saa moja asubuhi, ukungu umelala juu ya majani ya chai ya Mogogosiek, na wachumaji wanaonekana kuanzia kifuani kwenda juu tu. Wanjuhi Gitonga, mwenye umri wa miaka 61, anachuma bila kutazama mikono yake. Macho yako kwa mjukuu wake, Lynn, aliyesimama kando ya kibanda cha kupimia majani.

Lynn anagonga bati la kibanda mara tatu. Analaza sikio pale. Anangoja.

Mchumaji mmoja anajitwika kikapu chake na kuhamia mstari wa mbali.

Lynn ana miaka minane. Alianza kutembea akiwa na miaka mitatu, na alikuwa na maneno manne hivi mvua za mwaka 2024 zilipoangusha nyumba ya udongo aliyoishi na mama yake, Jecinta, binti ya Wanjuhi. Mtoto alitolewa hai kwenye matope baada ya saa kumi na tisa. Jecinta alikuwa amekufa. Maneno yale manne yakapotea. Ikabaki kugonga.

"Nilifikiri ni mchezo," anasema Wanjuhi. "Lakini mtoto akicheza hucheka. Huyu alikuwa anasikiliza, kama mtu anaambiwa kitu."

Mwaka jana Lynn aligonga ukuta wa mzee mmoja jirani. Siku ya tatu mzee akafariki. Ikaanza kusemwa kwamba mtoto anaongea na walio chini ya udongo, na akipita njiani watu wakawa wanafunga milango.

Wanjuhi alitafuta msaada kila aliposikia upo. Waliomwombea walimfunga Lynn mikono kwa leso asigonge. Akagonga kwa kichwa. Shule moja ilimrudisha nyumbani kabla ya saa nne. Zahanati moja ikampa dawa ya masikio.

Mapema mwaka huu mchumaji mwenzake, Chemutai, alimwambia kuhusu Chepngetich, mtaalamu wa watoto wanaochelewa kukua, anayefanya kazi mjini Kericho. Nauli ya kwenda na kurudi humeza mchumo wa siku mbili. Walienda.

"Mama, wote wamekazana kumzuia," Chepngetich alimwambia siku ya kwanza. "Kuna mtu amewahi kuuliza anangoja nani amjibu?"

Wanjuhi akaenda moja kwa moja kwa Kipkurui, jirani aliyeongoza uchimbaji siku ya mkasa. Alimuuliza kugonga huko kulianzia wapi.

"Tulipofika tulisikia kugonga chini ya matope," alisema Kipkurui. "Ilikuwa inatoka pande mbili. Huku mara tatu, halafu kule mara tatu. Tulichimba kama wazimu. Kabla hatujafika, upande mmoja ukanyamaza. Mtoto akaendelea. Nisamehe, Mama Jecinta. Sikujua vile ningekuambia."

Jioni hiyo Lynn aligonga ukuta wa jikoni. Wanjuhi alizunguka nje, akagonga mara tatu.

Kisha mtoto akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu atolewe kwenye matope. Wanjuhi alimkuta amekaa sakafuni, akampakata hadi moto ukazimika.

Chepngetich sasa anatumia kugonga huko kumfundisha Lynn zamu: mmoja aanze, mwingine ajibu. Akitaka chai, anagusa picha ya kikombe. Mambo huenda polepole.

Lakini zipo asubuhi ambapo Lynn hugonga, husikiliza, kisha huitikia kwa kichwa na kuondoka ametulia, na hakuna aliyemjibu. Wanjuhi ameona hivyo mara tano. Hazungumzii jambo hilo sana.

Januari Wanjuhi ana mpango wa kuhamia Sosiot, karibu na mji wa Kericho, kwenye darasa la watoto wenye mahitaji maalum lililokubali kumpokea Lynn. Atakodi chumba na kuchuma katika mashamba madogo ya huko.

"Niko na presha, na tunaishi wawili tu," anasema. "Nataka siku moja aweze kwenda kwa jirani aseme, 'Cucu ameanguka.' Ni maneno mawili. La kwanza, jina la nyanya kwa lugha yetu, alilisema juzi. Limebaki moja."