Miti ya mushikaki ku komunyo ya dada

Juzi ku mutaa wa Saio niliona watoto wanachomeka ma-bonbon ya sukari ku miti juu ya kupamba meza ya fete, nikakumbuka komunyo ya dada yangu. Mama alisema mwenye kuyapanga muzuri ku miti atakula bonbon ya kwanza. Miti ikaisha. Binamu yangu Dieudo, na ninamutaja kwa jina, akaokota yenye muuza mushikaki alitupa, akaipangusia ku suruali.

"Panga tu, weye. Muti haikunywake pilipili."

Nikapanga. Mama wa ubatizo wa dada akafyonza mpaka ku muti, machozi ikamutoka. Nikafikiri Roho Mutakatifu amemushukia, nikapiga magoti pembeni yake.

Mama alinichapa fimbo moja kwa kila muti. Dieudo ndiye alikuwa anamuhesabia, bonbon yangu mu shavu.