Mbwa wa Mzee Chanzi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka huwa natazama chini hata kama niko peke yangu chumbani. Umri umekwenda, wengi walioiona wameshatangulia mbele ya haki, lakini aibu yake haijapungua. Sikuwa na nia ya kukusimulia. Ila juzi pale stendi ya Msamvu, tulipokuwa tunasubiri gari la Gairo, nilikuona umechuchumaa mbele ya mbwa wa watu aliyelala kando ya meza ya muuza karanga, umenyoosha mkono, unamwita kwa mluzi. Nikakuvuta shati kwa nguvu, ukanikasirikia. Ukasema, "Babu, huyu mpole, si unamwona anatikisa mkia?" Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, na mtu mwingine ndiye aliyeumia. Kaa hapa basi, nikwambie.

Wakati ule nilikuwa kijana anayependa kuonekana. Nilifanya kazi ya bustani kwenye nyumba moja mjini, mtaa wa Forest, na mwenye nyumba alikuwa na mbwa wawili wakubwa wenye manyoya mengi. Mwanzoni niliwaogopa. Lakini kwa kuwa mimi ndiye niliyewapelekea chakula, wakanizoea, ikawa nikifungua geti wananirukia kwa furaha. Wenzangu waliopita barabarani wakaona nawashika vichwa, wakashangaa, nami kichwa kikavimba. Nikaanza kuamini kwamba nina namna yangu na mbwa, kwamba mbwa yeyote akinitazama tu anatulia. Kumbe niliowajua ni wawili, na wao walichokijua ni sufuria yangu.

Basi nikampenda binti wa Kinole aitwaye Mwajuma, aliyekuwa akishuka mjini na mama yake kuuza mdalasini na machungwa. Nikamweleza shangazi yangu, Bi Tatu, ambaye ndiye aliyenilea. Bi Tatu akamwendea jirani yetu, Mzee Kondo, awe mshenga. Ungemwona Mzee Kondo ungempenda. Alikuwa mtu mzima tayari, mwembamba, msema taratibu, na nyumba nyingi za mtaani kwetu zilijengwa na ndoa alizokwenda kuziombea yeye. Akapanda Kinole peke yake mara ya kwanza, akapokelewa vizuri. Sasa, sisi Waluguru, unajua mwenyewe, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Mjomba wake Mwajuma alikuwa Mzee Chanzi. Akatuma neno kwamba hana pingamizi, ila kabla hajapokea chochote anataka kumwona kijana mwenyewe kwa macho yake. Atatusubiri pale gulioni, atupeleke nyumbani.

Tukapanda siku hiyo watu watatu: Mzee Kondo, Bi Tatu na kikapu chake cha zawadi, na mimi nikiwa nimevaa kanzu mpya, nimejipaka mafuta mpaka nang'aa. Gari likatushusha pale Kinole asubuhi, ukungu haujatoka vizuri milimani. Gulio limejaa watu, mikungu ya ndizi imepangwa chini, mananasi, mafenesi, harufu ya karafuu kila upande. Mzee Chanzi hakuna kati yetu aliyemjua kwa sura. Mzee Kondo akasema tusimame pembeni, mwenyeji wetu atatuona yeye.

Hapo tuliposimama palikuwa na mikungu ya ndizi imelundikwa, na mbele ya ile mikungu amelala mbwa. Mbwa wa kawaida wa kwetu, wa rangi ya udongo, mbavu zinaonekana. Mwenyewe hayupo. Hakufungwa kamba. Akafungua jicho moja, akatutazama, akafumba.

Ningemwacha, mwanangu, hadithi ingeishia hapo. Lakini kulikuwa na wasichana wanapanga machungwa jirani, wananitazama ile kanzu, na kwa namna walivyonong'ona nikadhani wanamjua Mwajuma. Nikataka wapeleke habari nyumbani kwamba mchumba aliyekuja si mtu wa kawaida. Nikakunja kanzu, nikachuchumaa, nikampigia yule mbwa mluzi.

Mzee Kondo akaniambia taratibu, "Shomari, acha mbwa wa watu. Tumekuja kwenye jambo la heri, na swala ya adhuhuri tutaswali ukweni. Usijichafue."

"Mzee, huyu mpole," nikamwambia. "Si unamwona anatikisa mkia?"

Na kweli ncha ya mkia ilikuwa inacheza. Nikamgusa mgongo, akatulia. Wale wasichana wakaguna. Nikapata ujasiri, nikapeleka mkono kichwani, nikamshika sikio kama nilivyozoea kuwashika wale wa mjini. Sikuona kwamba nyuma ya sikio alikuwa na kidonda kibichi.

Alinguruma mara moja. Nikaruka. Na hapa ndipo ninapoona haya kukusimulia, maana sikuruka pembeni. Niliruka nyuma ya Mzee Kondo. Nilimshika mabega yule mzee kwa mikono yangu miwili, nikajikinga naye kama mtu anayejificha nyuma ya mlango. Mbwa alikuwa ananifuata mimi. Akamkuta yeye. Akamng'ata mguu, nyama ya nyuma chini ya goti, akashikilia, mzee akaanguka juu ya mikungu ya ndizi na kofia yake ikabingirika matopeni.

Watu wakapiga kelele. Wengine wakaokota mawe, mmoja akaja na panga, mbwa akamwachia mzee akarudi kinyumenyume kwenye mikungu yake huku anatetemeka. Kabla jiwe la kwanza halijarushwa akatokea mwanamume wa makamo, mnene kidogo, ana mundu mkononi, akasimama katikati ya watu na mbwa.

"Huyu mbwa alikuwa amelala," akasema. "Nimemwacha hapa amelala alinde ndizi zangu. Nani amemwamsha?"

Wale wasichana wakanigeukia mimi. Watu wote wakafuata macho yao, nami nimesimama bado nyuma ya mzee aliyeanguka, kanzu yangu haina hata doa.

Bi Tatu alikuwa tayari amepiga magoti pale chini. Akasema kwa sauti ya kulia, "Jamani, tusaidieni, huyu ni mgeni. Tumekuja kwa Mzee Chanzi."

Yule mwanamume akamtazama, kisha akanitazama mimi, kuanzia miguuni mpaka kwenye mafuta ya kichwani. "Mzee Chanzi ni mimi," akasema.

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kumpa shikamoo. Naye hakuingoja. Akaninong'oneza, maana alikuwa mtu wa staha na hakutaka kuniaibisha zaidi ya nilivyojiaibisha: "Kijana, mbwa tu umeshindwa kuuliza mwenyewe ni nani. Binti yetu utamwulizia kwa nani?"

Halafu akaniacha, akashughulikia mgonjwa. Akamwegemeza Mzee Kondo begani mpaka kwenye bomba la maji, akaagiza sabuni, akakiosha kile kidonda yeye mwenyewe, maji yanatiririka, akaosha na kuosha muda mrefu mpaka watu wakachoka kutazama. Mama mmoja akaleta majani ya kufunga, akamkatalia. Akasema kama mbwa ana kichaa, majani hayatamfaa mtu, anayeng'atwa anakwenda kuchomwa sindano siku hiyo hiyo. Nikamwuliza kama mbwa wake amechanjwa. Akasema walipokuja wachanjaji yeye alikuwa shambani, mbwa naye yuko naye huko juu anafukuza nguruwe pori. Hakuficha. "Mimi nami nina langu katika hili," akasema. Nikaona jinsi mtu mzima anavyosimama mbele ya kosa lake.

Tukashuka mjini na gari lile lile lililotupandisha. Zawadi za Bi Tatu zilirudi kikapuni kama zilivyokwenda. Hospitali Mzee Kondo akachomwa sindano, akaambiwa atarudi tena na tena mpaka zitimie, na mbwa asiuawe, afungwe aangaliwe siku kumi. Akiwa mzima mpaka mwisho, wasiwasi utapungua. Akianza kubadilika, tuseme haraka.

Usiku nilikuwa silali. Nilikuwa nimewahi kusikia habari za mtu aliyekufa kwa kichaa cha mbwa upande wa Mlali, jinsi alivyokuwa anaogopa hata maji ya kunywa, na kila nikifumba macho namwona Mzee Kondo. Ikabidi niwe napanda Kinole kumwangalia mbwa. Mzee Chanzi hakunifukuza. Alinionyesha mahali pa kusimama, mbali kidogo na banda, akaniacha hapo. Namtazama mbwa anakula, namtazama anakunywa maji, nashukuru Mungu, nashuka. Watoto wa njiani wakaniita "mchumba wa mbwa." Nikainamisha kichwa nikapita.

Siku moja kati ya hizo Mwajuma alinikuta njiani, amebeba kuni. Akatua mzigo. Nikaanza kujitetea, kwamba nilikuwa nacheza tu, kwamba sikuona kidonda, kwamba mbwa wa mjini hawako hivyo. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Shomari," akasema, "kushika mbwa ni ujinga tu, na ujinga unatoka. Lakini ulimshika mzee ukamweka mbele. Wale wasichana waliniambia. Mimi nikiwa na wewe, siku ikija shida, utajificha nyuma ya nani?"

Akajitwisha kuni zake, akaenda. Posa haikurudiwa. Mjomba angeweza kukubali, nilisikia baadaye alikuwa tayari, ila binti mwenyewe alikataa, na hakuna aliyemlaumu. Aliolewa na mtu mwingine, mtu mzuri, wakaishi vizuri.

Mbwa hakuwa na kichaa. Sindano za Mzee Kondo zilitimia, kidonda kikapona, lakini mguu ule ulibaki na hitilafu. Kwenye mteremko alikuwa anauvuta kidogo. Miaka yote tukitoka msikitini nilikuwa natembea nyuma yake nauona ule mguu, naye hata siku moja hakuutaja. Ningekasirikiwa ningepumzika. Ule upole wake ndio ulionichoma.

Nilipokuwa tayari kumwoa bibi yako, sikuwa na uso wa kumwendea Mzee Kondo. Nikatafuta mshenga mwingine. Akasikia. Akaja mwenyewe kwa Bi Tatu na bakora yake, akaketi, akasema, "Huyu kijana ana mshenga tayari, kwa nini anahangaika?" Nikaingia chumbani nikalia. Na alikwenda kweli, kwa mguu ule ule, akaniombea, nikapewa. Ndiyo maana leo wewe upo hapa unanisikiliza.

Sasa nisikie vizuri. Sikukatazi kuwapenda mbwa. Ni viumbe wa Mungu, wanatulindia mashamba na nyumba, na kuwatesa ni dhambi. Ila mbwa usiyemjua, barabarani au sokoni au stendi, mwache na shughuli yake. Kama mwenyewe yupo na unatamani sana, mwulize kwanza, na akisema hapana, ondoka bila kubishana. Kama mwenyewe hayupo, basi hakuna wa kukuruhusu, na wewe huwezi kujiruhusu. Mbwa aliyelala, anayekula, aliyefungwa au mwenye watoto, usimsogelee hata kidogo. Mkia ukicheza usidhani umekaribishwa. Huyajui maumivu yake, huijui kazi aliyopewa, hujui kama amechanjwa. Na ikitokea umeng'atwa, hata kama ni mkwaruzo mdogo unaoona aibu kuusema, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, osha sana, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri uone itakuwaje. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, hakuna wa kukurudisha.

Na lililo kubwa kuliko yote, mwanangu, ambalo mimi nilijifunza kwa mguu wa mtu mwingine: ukikoroga jambo kwa mikono yako, simama mbele yake wewe. Usimshike mtu ukamweka mbele yako, awe mzee, awe mdogo, awe mkeo. Mbwa anaweza kukuuma na ukapona. Siku utakayojificha nyuma ya mtu, utaendelea kuiona kila ukifumba macho, kama mimi ninavyoiona.

Mungu akupe mkono wenye adabu na miguu isiyokimbia. Akupe watu wa kukusamehe kama nilivyosamehewa, na akuepushe usiwe na haja nao. Akutangulie uendako, akurudishe nyumbani salama, na wale utakaotembea nao warudi wazima kama walivyotoka. Amina.