Wageni Watavua

Barua kutoka shule moja ya Bodo, huko pwani, ilisema watoto wetu wa Kinango wangesoma hesabu na wenzao, kisha "wageni watavua pamoja na wenyeji." Wazazi walinigeukia mimi, mwenye shahada. Nikawaeleza kwa uhakika: watavua viatu. Na viatu vikikusanywa mahali pamoja, havirudi vyote. Binti yangu alikuwa na vipya, basi nikavifunga kamba zake mafundo mawili mawili, nikaandamana naye.

Hesabu zilikwisha salama. Lakini niliona wenyeji wote wako pekupeku, na shaka langu likanenepa.

Mara msichana mmoja mwenyeji akatokea na mshipi na ndoana. "Haya wageni, twendeni mikokoni tukavue!"

Nilijifanya natazama mawingu. Binti yangu akaingia topeni na viatu vyake, akazama hadi vifundoni.

"Dada, vua viatu kwanza, ndipo uvue samaki," msichana yule akamwambia huku akicheka.

"Baba amenikataza. Anasema mtaviiba."

Kicheko kikakatika. Msichana akainama, akafungua mafundo yangu moja moja, kisha akanijia na viatu.

"Shikamoo, mzee. Basi vishike wewe mwenyewe."

Nikavipokea vikichuruzika tope.