Vifua Visivyo na Majina

Kwenye kiwanda cha ngozi nilikoajiriwa hapa Shinyanga, kazi yangu ni kutunza unga. Vitabuni unaitwa vimeng'enya, ila kiwandani nani ana muda wa kutamka yote hayo. Ni unga, basi. Unalainisha ngozi ya ng'ombe mpaka unaikunja kama kanga. Haupendi joto, haupendi unyevu, na hata ukiuona umetulia ndani ya ndoo, haujafa. Umelala tu. Mimi niliyeishia kidato cha pili nilipokabidhiwa ufunguo wa chumba chenye kiyoyozi, nilijiona kabisa niko njiani kufungua duka langu la viatu.

Aliyenifundisha ni mama mtu mzima tuliyemwita Mama Stoo. Yeye alianza zamani, unga ukichotwa kwa mkono, hakuna barakoa, na sakafu ikifagiliwa kikavu kama uwanja wa nyumbani. Vumbi lile likamkaa kifuani. Akihema unasikia mlango unaofunguliwa taratibu. Ndiyo maana ufagio ulipigwa marufuku stoo. Tunafuta kwa kitambaa kibichi, na kifuniko cha ndoo kinainuliwa polepole.

Kupima kama unga ungali mzima tulitumia picha za kifua, zile za eksirei. Utando wake umetokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe, kwa hiyo unga unaujua. Unaukoroga kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, unadondosha tone juu ya picha, unasubiri, unafuta. Unga ukiwa mzima, pale kwenye tone panabaki dirisha, unaona upande wa pili. Ukiwa umekufa, mbavu zinabaki zinakutazama.

Picha alituletea muuza chakavu, nyingi za wachimbaji wa Geita waliowahi kupimwa vifua. Kabla hatujazitumia, Mama Stoo alikata kona yenye jina akaichoma moto. Alisema haifai kumla mtu unayemjua jina. Mimi nikazidisha yangu: nilizipa shikamoo kwanza, maana huwezi kujua kifua cha mtu mzima ni kipi, na nilianzia pembeni, mbali na moyo. Wenzangu walinicheka, wakasema ipo siku nitaitikiwa. Nilicheka nao. Ila nikibaki peke yangu mle ndani, kiyoyozi kikizima ghafla, nilijikuta nasubiri ile marahaba.

Asubuhi moja ukaja unga mpya kutoka Mwanza. Lori lilikuwa limeharibika njiani, ndoo zikashinda juani. Ngozi zilishalowekwa, na bosi alitaka jibu kabla ya mchana. Stoo kulibaki picha moja tu. Siku hizi hospitali zinatazama kwenye kompyuta na muuza chakavu hana kitu. Nilikuwa nimeshakoroga, mlinzi akamleta mama mmoja aliyetoka Ushetu.

"Mwangaluka, mayu," Mama Stoo alimsalimu kwa Kisukuma, akamvutia kiti.

Yule mama alieleza bila haraka. Mwanawe alikuwa mchimbaji. Duara, lile shimo lao, lilimfukia na hawakuweza kumtoa. Vitu vyake, pamoja na picha ya kifua chake, mwenye nyumba aliviuza kwa muuza chakavu, na muuza chakavu ndiye aliyemwelekeza kwetu. Nikamuuliza kwa upole kama picha za kwenye simu hana. Alisema zipo.

"Sura haizikwi, ng'wanone," aliniambia. "Nataka mfupa wake."

Mama Stoo akatazama sakafu. Tulikuwa tumeshavila vifua vingi. Nikaichukua ile picha moja, nikaiinua mlangoni kwenye mwanga, nikiomba iwe yenyewe na nikiogopa iwe yenyewe. Kona ya jina haikuwepo. Yule mama wala hakuitafuta. Alipitisha kidole kwenye mbavu, akapanda mpaka mfupa wa bega, akasimama palipounga kwa kupinda.

"Alianguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe," alisema. "Fundi wa mifupa alimfunga vibaya. Nilimwambia, hakunisikia."

Kisha akagusa vidirisha vyangu pembeni, vya vipimo vya nyuma, akauliza hapa kulikuwa na nini.

"Hapo alisalimiwa," Mama Stoo akasema.

Mama yule aliitikia kwa kichwa, akaizungushia picha kanga yake, akaibeba kama mtoto aliyelala.

Bosi akatuma mtu kuuliza. Maji yalikuwa yanapoa kwenye kikombe. Mama Stoo akaenda kwenye kabati lake, akarudi na bahasha kubwa ya hospitali, akatoa picha na kuilaza mezani. Nikaona jina lake. Nikamwambia hii ni ya daktari, ataulizwa.

"Kifua chenyewe bado ninacho," alinijibu. "Kata jina."

Nilikata. Mkasi ulikuwa mzito siku ile. Nikavuta tone, nikalipeleka pembeni mbali na moyo kama kawaida, na mdomo ukanitoka wenyewe bila kufikiri: shikamoo.

Nyuma yangu ule mlango ulifunguka taratibu, pumzi ikatafuta njia.

"Marahaba," Mama Stoo akasema.

Tulisubiri wote wawili. Nilipofuta na kuiinua picha mlangoni kwenye mwanga, pale palibaki dirisha safi, na kupitia hapo nikamwona yule mama wa Ushetu akivuka geti na kanga yake kifuani. Unga ulikuwa mzima.