Kidonge Chini ya Ulimi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, enzi za vita vya shifta, askari wakiwasaka waasi kaskazini mwa Kenya, tulipoteremshwa kwenye lori tukitoka Liboi, Garissa ikiwa karibu kabisa. Askari walitupanga mstari juani, wanaume kwa wanawake, mikono juu. Kando yangu alisimama baba, mchuuzi wa ng'ombe, mtu asiyependa kuonekana dhaifu hata akiwa na homa.

Ghafla akashika kifua. Jasho likamtoka, uso ukapauka. Shangazi Habiba, dada yake mkubwa, alishusha mikono bila kuomba ruhusa ya mtu. Akamkalisha chini, akatoa kidonge kwenye kichupa, akamwekea chini ya ulimi.

"Wewe mzee, simama," askari akafoka, bunduki imemwelekea.

Niliogopa, kwa nini nikudanganye? Nikamshika baba mkono nimwinue. Naye mwenyewe akajikaza, maana kwetu ni aibu mwanamume kuketi ilhali wanawake wamesimama mbele ya mtutu. Shangazi akanipiga kofi mkononi. "Mwache. Unataka tumzike na heshima yake?"

Akamgeukia askari kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Afande, huyu mgonjwa ya moyo. Dawa iko mdomoni. Akisimama saa hii, anaanguka."

Alijua alisemalo, kwani daktari alikuwa amewaeleza wote wawili. Mishipa ya moyo wa baba ilikuwa imebana, damu haiufikii ya kutosha, ndipo kifua kinauma. Kidonge kile huyeyuka chini ya ulimi na kuingia damuni upesi. Mishipa hulegea mwili mzima, damu nyingi hubaki miguuni, moyo ukapunguziwa mzigo. Lakini presha nayo hushuka, na anayesimama huweza kuzirai.

Askari akamwamuru baba afungue mdomo, akachungulia, kidole bado kwenye kifyatulio.

"Akae," akasema.

Kifua kikaachia polepole. Baba akaanza kulalamika kichwa kinamgonga, na shangazi akamshukuru Mungu, kwa kuwa dawa hiyo hufungua hata mishipa ya kichwani, na kichwa kikigonga ni ishara imefanya kazi.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua, na mwenye kuionea dawa haya ni ndugu yake. Ukiambiwa keti, keti, hata kama dunia nzima imesimama inakutazama. Mola akujalie afya, na siku kifua kitakapokubana, akuweke karibu na mtu anayekupenda kuliko anavyoiogopa bunduki.